Gitaa Moja na Mawazo ya Msikilizaji: Albamu ya Mwenda wa Bayeke kama Ukumbusho

1. Swali lenyewe

Muziki wa miji ya Kongo hutajwa mara nyingi kama muziki wa kucheza. Wanaouandikia huanza na baa, sherehe za ndoa, mavazi na mitindo ya dansi, na wanayo haki, kwa kuwa sehemu kubwa ya muziki huo ilitungwa kwa ajili ya miguu. Lakini katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kuna matumizi mengine ya muziki yasiyosemwa sana. Mtu hurudi kutoka kazini au kutoka msibani, huketi, huweka santuri au kaseti, siku hizi simu, na kusikiliza bila kucheza wala kuongea. Akiulizwa anafanya nini, hujibu kwa Kiswahili cha mji: "Niko nawaza."

Makala haya yanakusudia kueleza kazi hiyo ya pili ya muziki. Mfano utakaotumika ni albamu moja inayojulikana vizuri kwa wapenzi wa gitaa la Katanga, nayo ni African Guitar Legend ya Mwenda wa Bayeke, iliyotolewa mwaka 1994. Swali ni hili: ni kitu gani katika muziki huo kinachomfanya mtu akae na nafsi yake, aipime siku yake na mwenendo wake? Jibu litatafutwa katika mambo matatu: mwendo wa gitaa, upungufu wa maneno, na lugha inayoimbwa. Jambo la tatu ndilo linalowahusu zaidi wasomaji wa Idara za Kiswahili, kwa sababu linagusa swali ambalo chuo kikuu hakijalijibu kikamilifu: mwanafunzi wa Katanga huwaza katika lugha gani?

2. Mwanamuziki na safari ya nyimbo zake

Jean-Bosco Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, uliokuwa mji mkuu wa M'siri, mfalme wa Bayeke, hadi mfalme huyo alipouawa mwaka 1891. Ukoo wa watawala wa Bayeke ulitoka Unyamwezi, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, ukafika Katanga kwa njia za misafara ya biashara. Kiswahili nacho kilipita katika njia hizo, ijapokuwa ni migodi, reli na kambi za wafanyakazi zilizokifanya baadaye kuwa lugha ya miji. Kwa hiyo Mwenda alizaliwa mahali ambapo safari na mikutano ya watu wa asili mbalimbali ni sehemu ya historia ya kila ukoo.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika ya kati na ya kusini akirekodi muziki wa wenyeji, alimkuta kijana huyo akipiga gitaa Jadotville, mji ulioitwa Likasi tangu mwaka 1966. Miongoni mwa nyimbo zilizorekodiwa wakati huo zilikuwa Masanga na Bombalaka. Rekodi hiyo ilipewa tuzo ya Osborn kwa muziki bora wa Kiafrika wa mwaka 1952, na santuri zikauzwa kwa chapa ya Gallotone katika nchi nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alikaa kwa muda Nairobi, ambako alisikika redioni, na wapigaji wengi wa gitaa wa Kenya walijifunza kwa kumwiga. Mwaka 1961 na 1962 mtaalamu David Rycroft alichapisha katika jarida la African Music uchambuzi mrefu wa upigaji wake, sauti kwa sauti. Mwaka 1969 Mwenda alipiga gitaa katika tamasha la Newport, Marekani.

Pamoja na sifa hizo za mbali, maisha yake yalikuwa ya mkazi wa Lubumbashi. Alifanya kazi katika benki, akaongoza orkesta yake, Super Shaba, akafanya na biashara. Mwaka 1972 serikali ya Zaire ilipowataka raia waache majina ya Kikristo, jina la Jean-Bosco lilipaswa kukaa kando, ingawa wasikilizaji wengi hawakuacha kumwita Bosco. Mwaka 1988, akiwa na umri wa miaka 58, aliingia studio huko Afrika ya Kusini, akapiga tena baadhi ya nyimbo zilizomtambulisha ujanani. Alifariki katika ajali ya gari mwezi wa Septemba 1990. Rekodi hizo za studio zilitolewa na kampuni ya Rounder ya Marekani miaka minne baada ya kifo chake.

Habari hizi zina maana kwa jambo linalochunguzwa. Anayesikiliza albamu hiyo hasikii kijana wa 1952. Anasikia mtu mzima akizirudia nyimbo alizozianza alipokuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, na anajua kwamba mtu huyo hakuishi hata kuiona albamu ikitolewa. Kabla neno lolote halijaimbwa, tayari kuna jambo la kuwazia: miaka inavyompita mtu, na kile kinachobaki mikononi mwake.

3. Ukumbusho na mawazo: maneno mawili ya mji

Kueleza kazi ya albamu hiyo hakuhitaji kukopa istilahi kutoka mbali. Kiswahili cha Katanga kina maneno mawili yanayotosha, nayo ni ukumbusho na mawazo.

Neno ukumbusho lilichunguzwa na watafiti katika miaka ya 1970, hasa Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, walipoisoma michoro iliyonunuliwa na wafanyakazi na kutundikwa ukutani sebuleni: picha za kijiji cha zamani, za nguva anayeitwa mamba muntu, za wafungwa wa Colonie Belge wakichapwa fimbo. Wenye picha hizo walieleza kwamba thamani yake haikuwa uzuri peke yake. Picha ilikuwa ukumbusho, yaani kitu kinachomwamsha mtazamaji, kikamrudisha kwenye jambo lililompata yeye au wazee wake, kisha kikamwachia kazi ya kuliwaza mwenyewe. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia nzima ya nchi katika miaka ya 1970, alizungumza na Fabian kwa Kiswahili juu ya mawazo yaliyomo katika picha, na mazungumzo yao yalichapishwa mwaka 1996.

Neno mawazo nalo lina upande wa pili. Mtu wa Lubumbashi akisema "Niko na mawazo mingi," hajisifu kwamba ana fikra nyingi. Anasema ana wasiwasi, moyo wake hautulii. Neno moja linabeba fikra na mahangaiko pamoja. Katika mji huu kuwaza hakujawahi kuwa starehe ya wenye nafasi tu. Mwaka 1990 peke yake ulitosha kuonyesha hivyo: mwezi wa Mei wanafunzi walishambuliwa usiku katika makazi yao ya chuo kikuu cha Lubumbashi, mwezi wa Septemba, mwezi uleule aliokufa Mwenda, mgodi wa Kamoto uliporomoka huko Kolwezi, na uchumi wa jimbo ukaporomoka nao. Baadaye ukaja uporaji wa 1991, kisha kufukuzwa kwa watu wenye asili ya Kasai mwaka 1992 na 1993. Nyumba zilizokuwa na mawazo mengi zilikuwa nyingi.

Kwa maana hiyo albamu inaweza kufanya kazi ileile ya picha ya ukutani. Ni ukumbusho unaoingia kwa masikio. Unaanza na mawazo kwa maana ya mahangaiko, na ukisikilizwa kwa utulivu, unayageuza polepole kuwa mawazo kwa maana ya fikra. Sehemu zinazofuata zinaeleza jinsi hilo linavyotokea.

4. Gitaa linalozunguka

Mwenda alipiga gitaa kwa vidole viwili vya mkono wa kuume, kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba hushika nyuzi nene na kutembea kwa mwendo wa kudumu. Kidole cha shahada huchezea nyuzi nyembamba na kuweka sauti zake mara nyingi katikati ya hatua za gumba, pale ambapo sikio halikuzitarajia. Msikilizaji asiyejua huapa kwamba wapigaji ni wawili. Kumbe ni mtu mmoja anayejibizana na nafsi yake.

Mpango huo si mgeni kabisa katika Katanga. Mpigaji wa likembe, ambayo Waluba huiita kisanji, naye hutumia vidole vichache kutoa sauti zinazopishana, na chombo hicho kilijulikana kama mwenzi wa msafiri aendaye peke yake kwa miguu. Gitaa lilikuja na meli, reli na maduka ya Wazungu, lakini liliingia mikononi mwa watu waliokwisha kuwa na mazoea ya chombo kidogo kinachozungumza na mwenye nacho.

Jambo la pili ni mzunguko. Katika nyimbo za namna hii gitaa halielekei kwenye kilele kama muziki unaofundishwa katika shule za muziki za Ulaya. Linazunguka. Kipande kifupi hupigwa, kikaisha, kikaanza tena. Rycroft alipokichambua kwa makini kila kipande, aliona kwamba marudio hayo hayalingani: hapa sauti moja imeongezwa, pale nyingine imeachwa, mahali pengine mkazo umehama. Ndiyo sababu alitumia katika kichwa cha makala yake neno lenye maana ya kubuni papo kwa papo. Mpigaji hurudi palepale, lakini harudi akiwa yuleyule.

Hapo ndipo siri ya kwanza ilipo. Mtu mwenye mahangaiko huzungusha jambo moja kichwani bila kulisogeza. Muziki wa mzunguko haumkatazi kufanya hivyo. Unazunguka pamoja naye. Lakini kila mara unabadilisha kitu kidogo, na sikio lililozoea hufuata badiliko hilo bila kuamriwa. Baada ya dakika kadhaa wazo nalo huanza kugeuka upande, likaonekana kwa namna ambayo halikuonekana mwanzoni. Muziki wa dansi wenye ngoma nyingi na sauti za wengi hufanya kazi nyingine: humtoa mtu katika jambo lake na kumpeleka kwa watu. Kazi zote mbili ni za lazima, ila si kazi moja.

Jina la wimbo wa Masanga, ambalo kwa ukamilifu ni Masanga Njia, hufasiriwa kuwa njia panda, mahali njia zinapokutana. Anayetaka kuelewa upigaji wa Mwenda anaweza kulichukua jina hilo kama mwongozo wa kusikiliza: asikilize kwanza njia ya gumba peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, aurudie wimbo akifuata njia ya kidole cha shahada, mara ya tatu afuate sauti ya mwimbaji. Mara ya nne aziache zote zikutane. Mazoezi hayo machache humfundisha mtu kukaa na jambo moja bila haraka, uwezo ambao hata usomaji wa kitabu unauhitaji.

5. Maneno machache

Nyimbo za wapigaji gitaa wa Katanga wa miaka ya 1950 zina maneno machache kuliko nyimbo za orkesta zilizofuata. Mada zake ni za kila siku: ndoa, mapenzi, safari, fedha, mama na mtoto, salamu kwa ndugu na marafiki wanaotajwa kwa majina, mawaidha kwa kijana. Mara nyingi shauri hutajwa kwa mstari mmoja, kisha gitaa huchukua nafasi kwa muda mrefu kabla mwimbaji hajarudi, naye akirudi huenda akaleta jambo jingine ambalo uhusiano wake na la kwanza haukuelezwa.

Msomaji aliyezoea ushairi wa mwambao, ambamo ubeti hukamilisha hoja kwa vina na mizani, anaweza kuona hapo upungufu wa sanaa. Hukumu hiyo ni ya haraka. Nafasi kati ya mstari na mstari imeachwa kwa msikilizaji. Mwimbaji akimtaja mtu aliyekwenda mbali, yule anayesikiliza humtia hapo ndugu yake mwenyewe aliyehamia Kinshasa, Ndola au Bruxelles. Wimbo ungeeleza kila kitu, nafasi hiyo ingejaa, na ukumbusho ungegeuka hadithi ya mtu mwingine.

Hata hivyo kuwaza na wimbo si kuukubali kila mara. Baadhi ya mawaidha ya nyimbo hizo ni ya wakati wake: yanamwonya kijana juu ya wanawake wa mjini, yanamtaka mke awe mtiifu, yanazungumza juu ya fedha kama wafanyakazi wa kambi walivyozungumza chini ya ukoloni. Msikilizaji wa leo, hasa mwanafunzi wa kike, ana haki ya kubishana nayo. Albamu iliyo mwenzi wa kuwaza hustahimili ubishi huo. Mtu anaweza kulipenda gitaa, akalikataa shauri, na kutokana na kulikataa akajua vizuri zaidi anachokiamini yeye.

6. Lugha ya nyumbani

Jambo la tatu ndilo zito zaidi. Mwenda aliimba hasa kwa Kiswahili kilichosemwa Katanga. Watafiti wa lugha wanazijua sifa za Kiswahili hicho katika sura yake ya Lubumbashi: muntu na bantu mahali pa mtu na watu, kintu na bintu mahali pa kitu na vitu, katoto na tutoto kwa kuonyesha udogo, niko nawaza mahali pa ninawaza, mingi inayotumika kwa ngeli nyingi bila kubadilika. Kwa muda mrefu sifa hizo zilifundishwa kama orodha ya makosa. Shule za kikoloni zilikuwa na Kiswahili chao kilichosafishwa, chuo kikuu kilikuwa na Kifaransa, na baadaye vitabu vya sarufi vya Dar es Salaam vikaleta kipimo kingine. Kila kipimo kina manufaa yake. Lakini vyote vitatu vilimwambia mtoto wa Kenya, wa Katuba au wa Kamalondo jambo lilelile: lugha unayoongea na mama yako haitoshi kwa fikra.

Matokeo yake yanaonekana hadi leo. Mwanafunzi huandika insha kwa Kifaransa, hujibu mtihani wa fasihi kwa Kiswahili sanifu, kisha hurudi chumbani na kuwaza juu ya baba aliyepoteza kazi yake Gécamines kwa lugha ya tatu, ambayo hajawahi kuiona imeandikwa kwa heshima. Kati ya elimu yake na nafsi yake kuna ukuta. Hajui kama mambo anayoyawaza kwa Kiswahili cha nyumbani ni fikra kweli, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpa alama kwa ajili yake.

Albamu ya Mwenda inapasua tundu katika ukuta huo. Inamsikilizisha mwanafunzi lugha ya mji wake ikitumiwa kwa utulivu, kwa mpangilio na kwa usanii ambao wataalamu wa mbali waliutumia miaka kuuchambua. Hakuna anayeweza kudai kwamba gitaa hilo ni la mtu asiyefikiri. Basi ni vigumu kudai kwamba maneno yaliyofumwa ndani yake ni ya lugha isiyofikirisha. Msikilizaji anapoyafuata, anasikia sauti inayofanana na ile inayosema ndani ya kichwa chake. Hapo kuwaza kunakuwa kwepesi, kwa sababu hakuhitaji tafsiri.

Hoja hii haikusudiwi kudharau Kiswahili sanifu, ambacho ndicho kinachomwezesha msomaji wa Lubumbashi kuelewana na yule wa Bujumbura, Mombasa au Zanzibar, na ambacho makala haya yenyewe yanakitumia. Inachodai ni kwamba mtu hujifunza vizuri lugha ya pili pale ambapo hakulazimishwa kuitupa ya kwanza. Aliyewahi kukaa kimya mbele ya wimbo wa kwao, akauelewa na kubishana nao, anaingia katika utenzi wa mwambao akiwa na sikio lililo tayari.

7. Hitimisho

Imeonekana kwamba albamu inakuwa mwenzi wa kuwaza kwa sababu zinazoelezeka. Gitaa la mzunguko hufuatana na mahangaiko ya mtu na kuyageuza kidogo kidogo. Maneno machache humwachia nafasi ya kutia maisha yake mwenyewe. Lugha ya nyumbani humwondolea kazi ya kutafsiri. Mambo hayo matatu yakikutana, wimbo hufanya kazi ambayo watu wa Katanga wameiita siku nyingi ukumbusho.

Liko jambo moja la kufanya. Nyimbo hizi zilirekodiwa na Mwingereza, zikachambuliwa kwa Kiingereza, na albamu ya mwisho ikatolewa Marekani. Tangu mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi umekusanya simulizi za wakazi wa mji, na umeonyesha kwamba kumbukumbu za watu wa kawaida zinastahili kuhifadhiwa na chuo kikuu. Nyimbo za gitaa zinangoja uangalizi wa namna hiyo. Mwanafunzi anayetafuta mada ya kazi yake ya mwisho anaweza kuanza nyumbani: awaulize wazazi na wajomba ni santuri au kaseti ipi waliyoisikiliza walipokuwa na mawazo mengi, ayaandike maneno yake kama yanavyotamkwa bila kuyasahihisha, kisha aulize kila mmoja wao aliwaza nini aliposikiliza. Swali hilo la mwisho lisiachwe. Wanaoweza kulijibu kwa habari za miaka ya 1950 wanapungua kila mwaka, na majibu yao hayamo katika santuri yoyote.